Amana ya Mtungaji Aliyekufa

Mtu akifa na kuacha shamba, warithi wake wana wasia wa kuwaongoza, na wakigombana yuko kadhi au hakimu wa kuwaamua. Lakini mtungaji wa muziki akifa huacha karatasi zenye alama za nota tu, naye hawezi kurudi akasema, "Sivyo, mmeupeleka mbio mno," au, "Sauti hizi zimezidi nilivyotaka." Basi swali ndilo hili: sisi tulio hai tuna wajibu gani kwake? Je, imetupasa kuimba kazi yake kama ilivyoimbwa siku zake, au tuna ruhusa kuibadili ipatane na masikio yetu? Wengine hudhani ya kuwa hili ni jambo la mafundi wa muziki peke yao. Mimi naona ni jambo la uaminifu, na kwa hiyo lamhusu kila mtu aliyepokea kitu mikononi mwa wafu.

Tutazame mfano mmoja. Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu na mkuu wa waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, katika nchi ya Ujerumani. Alitunga muziki mkubwa wa Mateso ya Bwana wetu kwa maneno ya Injili ya Mathayo, na wataalamu wengi hukubali ya kuwa uliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Halikuwa tamasha, bali ibada: sehemu ya kwanza iliimbwa, kisha mhubiri akapanda mimbarani, kisha ikafuata sehemu ya pili. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana. Wala waimbaji hawakuwa wengi, maana mwaka 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji kwamba kila kundi lapaswa kuwa na waimbaji 12 angalau, na 16 ingekuwa bora. Mwaka 1736 aliunakili muziki huo upya kwa mkono wake, akayaandika maneno ya Injili kwa wino mwekundu. Nani asiyeona lililokuwa kubwa moyoni mwake?

Bach alifariki mwaka 1750, na kazi hiyo ikakaa kimya miaka mingi, isijulikane ila na wachache. Tena akatokea kijana Felix Mendelssohn, ambaye nyanya yake alimpa nakala yake. Tarehe 11 Machi 1829, akiwa na umri wa miaka 20, aliuongoza muziki huo mjini Berlin. Lakini angalia aliyoyafanya. Aliuleta katika ukumbi, si katika ibada. Waimbaji wake walipata 150 na zaidi, wanaume kwa wanawake. Nyimbo nyingi za mtu mmoja mmoja alizikata, ili wasikilizaji wasichoke. Na pale Bach alipotaka zumari za namna ya kale, ambazo hazikutumika tena, yeye aliweka klarineti. Hata hivyo watu walikuja kwa wingi, wengine wakakosa nafasi, na tangu siku ile jina la Bach halikusahauliwa tena.

Je, Mendelssohn alivunja amana? Injili hiyo hiyo ya Mathayo yatupa jibu katika mfano wa talanta. Mtumwa aliyefukia talanta ardhini aliirudisha nzima, bila kupungua hata kidogo, naye ndiye aliyelaumiwa. Nakala iliyofungiwa kabatini haiharibiki, lakini haimfai mtu. Mendelssohn aliichukua talanta akafanya nayo biashara kwa vyombo alivyokuwa navyo. Mimi simhukumu. Ila nakumbusha ya kuwa katika mfano ule ule hata mtumwa mwema alitoa hesabu. Afanyaye biashara kwa mali ya mwingine lazima ajue ni kiasi gani alichopewa, na ni kiasi gani alichoongeza au kupunguza.

Katika karne ya 20 walitokea wanamuziki waliotaka kuifanya hesabu hiyo. Walichunguza nakala za kale, wakasoma vitabu vya waalimu wa zamani, wakarudisha fidla zenye nyuzi za utumbo wa mnyama na zumari zile zilizoachwa. Mwaka 1970 Nikolaus Harnoncourt aliirekodi kazi hii ya Bach kwa vyombo vya namna ya kale na sauti za wavulana. Watu waliozoea makundi makubwa walisikia maneno waziwazi, kama ukuta uliopakwa chokaa mara nyingi ukikwanguliwa hata nakshi ya kwanza ikaonekana. Hii ni faida kubwa, wala asiidharau mtu.

Lakini wengine wamezidi, wakasema, "Mwacha asili ni mtumwa, kila asiyetumia vyombo vya kale ni mpotevu." Nami nauliza: asili ni ipi? Mahadhi yanayorudi mara tano katika muziki huu, ya wimbo wa kichwa cha Bwana kilichojaa damu, Hans Leo Hassler aliyachapisha mwaka 1601 kuwa wimbo wa mapenzi. Kanisa liliyachukua, Bach akayapamba kwa namna mbalimbali, na leo huimbwa siku za Kwaresima hata katika makanisa yetu ya Afrika ya Mashariki. Kama kubadili ni dhambi, Bach mwenyewe alikuwa wa kwanza kukosa.

Basi asili si mti na nyuzi tu. Asili ni maana, na maana haijulikani bila kuijua hali ya watu wale. Wanafunzi wanapomwuliza Bwana, mmoja mmoja, kama ni yeye atakayemsaliti, Bach hajibu kwa kumwonyesha Yuda. Mara huingia wimbo wa kanisa ambao watu waliujua tangu utoto, na ndani yake mwimbaji akiri ya kuwa mwenye hatia ni yeye. Asiyejua desturi ile husikia sauti tamu tu; ajuaye husikia anashtakiwa. Na hili si jambo dogo. Mendelssohn alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, akabatizwa utotoni; na mwaka 1936, katika mji ule ule wa Leipzig, wafuasi wa Hitler waliiondoa sanamu yake kwa sababu ya ukoo wake. Muziki wa Bach waliusifu, na nota walizipiga barabara. Walisikia watu wakipiga kelele Bwana asulubiwe, wakawatwika Wayahudi hatia ambayo wimbo uliwataka waikiri wenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kwa hiyo naona wajibu wetu ni wa namna tatu. Kwanza, tujifunze tulichopewa kabla ya kukigusa, maana kubadili kwa kujua si sawa na kuharibu kwa kutojua. Pili, tukibadili kwa sababu ya uhaba wa waimbaji au wa vyombo, tuseme wazi tumebadili nini, tusiyaweke mapenzi yetu chini ya jina la marehemu. Tatu, tuilinde maana kuliko sauti. Mwalimu mwenye kinanda kibovu na watoto 12 aweza kuyatimiza hayo matatu. Na mwenye vyombo vyote vya kale, asipojiuliza wimbo wamshtaki nani, hajaitunza amana bado.