Haki ya Njia



Mwezi uliopita tulifuata jeneza katika Mji wa Kale wa Mombasa. Tulipofika penye pembe ya kichochoro wachukuzi walisimama. Upande mmoja zilikuwako pikipiki mbili na meza ya muuzaji. Upande wa pili yalikuwako mabenchi yetu sisi, tunayoyakalia kila baada ya Alasiri kwa darsa. Jeneza likarudishwa nyuma, likazungushwa njia nyengine, na maiti akacheleweshwa hali tumeamrishwa kumharakisha. Sisi ndio tuwasomeshao watu sheria, na mabenchi yalikuwa yetu!

Katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wengi wamekipitia, Imam Nawawi amebainisha katika mlango wa sulhu kwamba njia ipitwayo na watu wote haifai kufanywa jambo la kuwadhuru wapitao, na kwamba ni haramu kujenga humo dakka, yaani baraza, au kupanda mti. Ametaja pia kauli ya wasemao kuwa yafaa ikiwa hapana madhara. Haya, na tushike hiyo kauli nyepesi. Je, jeneza lililorudishwa nyuma si madhara?

Hatusemi baraza zivunjwe zote. Baraza iliyo ndani ya mipaka ya nyumba ni katika uzuri wa miji yetu, Lamu na Mombasa: hapo mzee hupunga upepo, mgeni huamkiwa, na ugomvi wa majirani husuluhishwa. Masahaba nao walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa hawana budi na vikao vyao vya njiani, naye akawaruhusu kwa sharti ya kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Sisi tumeichukua ruhusa tukaliacha sharti. Mwanamke atokaye sokoni na kikapu chake hupita baina ya safu mbili za macho, au huzunguka mbali juani ili asipite. Njia hiyo ni yake kama ilivyo yetu.

Huenda msomaji akasema: hii ni kazi ya serikali ya kaunti. Ni kweli kwamba taka na mitaro ni juu yao, na wadaiwe. Na ufuko wa Mama Ngina ulipotengenezwa upya mwaka 2019, watu walipata pahali pa kupumzika na watoto wao. Lakini ufukoni mtu huenda siku mojamoja. Mlangoni pake hupita kila siku. Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa watu wakishindana juu ya upana wa njia, iwe dhiraa saba. Vichochoro vyetu vingi havifiki hapo, basi kila shubiri inayoliwa ni kubwa.

Mabenchi tumeyaondoa, na darsa sasa iko katika ua wa msikiti. Mwenye meza amekubali kusogea. Imebaki baraza moja ya mawe iliyotokeza njiani, ambayo mwenyewe asema ilijengwa na babu yake. Tumemweleza kuwa ukongwe haugeuzi haki ya watu kuwa mali ya mtu. Hajatujibu, nasi tutamwendea tena Ijumaa baada ya sala.