Huzuni Isiyo na Eda

Je, mja anayo haki ya kuishikilia huzuni yake umri wake wote, hali ya kuwa yaliyompata yamekadiriwa na Mola wake? Sharia ya Kiislamu imelijibu swali hili kwa hesabu, nayo ni hesabu ya rehema: mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na mwanamke aliyefiwa na jamaa mwingine haruhusiwi kukaa matanga zaidi ya siku 3, baada ya hapo madirisha na yafunguliwe.

Sijaona mahali ambapo hatari ya kuuvuka mpaka huo imedhihirishwa kama katika Great Expectations, hadithi aliyoitoa Charles Dickens gazetini mwaka 1860 na 1861, ijapokuwa mtungaji wake alikuwa Mkristo wa Uingereza. Pip, yatima aliyelelewa na dada yake na shemeji yake mhunzi, aliitwa kwenda kucheza katika jumba la Miss Havisham, tajiri aliyeachwa na mchumba wake siku ya arusi. Madirisha yamezibwa, saa zote zimesimamishwa saa tatu kasoro dakika ishirini, bibi yu katika nguo zake za arusi zilizokwisha kuwa za manjano, kiatu kimoja mguuni na cha pili mezani, kwa sababu barua ya hiana ilimkuta akijipamba, na keki ya karamu imegubikwa na utando wa buibui.

Aliyemdhulumu bibi yule alikwenda zake, wala kisasi hakikumfikia. Kilimfikia mtoto. Estella, binti aliyelelewa na bibi huyo makusudi ili awavunje wanaume nyoyo, alicheza karata na Pip siku ya kwanza, akaidharau mikono yake kwa ugumu na viatu vyake kwa uzito. Na tangu hapo kijana akaionea haya mikono ambayo jana yake hakuwa na habari nayo, hata akamwonea haya shemeji yake, rafiki yake wa dhati. Hiana ile ilitendeka kabla Pip hajazaliwa! Basi huzuni iliyopitiliza muda wake haibaki kuwa mali ya mwenyewe, bali hutafuta mrithi. Watakaosema kwamba aliyedhulumiwa ana udhuru wamesema kweli, lakini udhuru huo ni wa kulia, si wa kumjeruhi asiyehusika.

Miaka ikapita, na bibi yule akamsihi Pip aandike chini ya jina la bibi mwenyewe kwamba amemsamehe. Pip akamsamehe papo hapo, na bibi akampigia magoti. Muda si muda nguo za bibi zikashika moto, na kijana akakivuta kitambaa cha meza pamoja na uozo wake wote, akamzimia moto huo kwa mikono ile ile iliyodharauliwa, ikaungua. Usiku ule, akiwa amelazwa juu ya meza ya karamu, bibi aliendelea kuomba yaandikwe maneno yale ya msamaha, naye alikwisha kupewa.