Nani Anajua Pakiti Itakayoshinda?



Kila mwaka, wiki chache kabla ya mashindano ya dunia ya karata za Magic au Pokémon, mtandaoni huzuka kazi moja kubwa: kubashiri pakiti gani itatwaa ubingwa. Watu wanakusanya matokeo ya mashindano madogo, wanachora majedwali, wanabishana mpaka usiku wa manane. Mimi huwa nasoma mabishano hayo, pengine kuliko inavyomfaa frateri mwenye mtihani wa Maandiko Jumatatu. Nayapenda kwa sababu humo vijana wa miaka 16 wanajadili swali gumu la falsafa bila kujua kwamba ni falsafa. Swali lenyewe ni hili: tunaposema tunajua watu watafanya nini, tunajua nini hasa? Na je, tunayo haki ya kuwaambia?

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Sisi tumezoea arubastini na last card: pakiti moja mezani, wote tunagawiwa humo humo. Huku kila mchezaji anakuja na pakiti yake aliyoipanga nyumbani, akichagua kati ya maelfu ya karata za kukusanya na kubadilishana. Mchezo wa kwanza wa namna hii, Magic: The Gathering, ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hisabati, ukatoka mwaka 1993. Mwaka uliofuata tu ukafanyika ubingwa wa dunia wa kwanza, kule Milwaukee. Karata za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996. Sheria zinafanana kwa mbali: kwa kawaida karata 60, nakala za karata moja zisizidi 4 (isipokuwa zile za msingi), unaanza na 7 mkononi. Wachezaji wenyewe huiita pakiti "deki", ila kwa kuwa kwetu kupiga deki ni kazi ya Jumamosi asubuhi na ndoo ya maji, mimi nitabaki na pakiti.

Sasa, nusu ya ubashiri huu ni hesabu safi. Ukiweka nakala 4 za karata unayoitegemea ndani ya 60, uwezekano wa kuiona angalau mara moja katika zile 7 za mwanzo ni karibu asilimia 40. Katika Pokémon karata 6 huwekwa pembeni kifudifudi kama zawadi, kwa hiyo karata uliyoweka nakala moja tu ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuwa imejificha humo unapoihitaji. Hakuna uchawi hapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozungumzia ramli katika Summa yake, anatoa mfano wa kupatwa kwa jua: anayekutabiri kwa kuzijua sababu zake hapigi ramli, anatumia akili tu. Basi wale mnaoniuliza kama kubashiri ni dhambi, jibu ni kwamba kuhesabu karata si dhambi. Pesa ni habari nyingine. Neno "kubashiri" siku hizi limetekwa na mikeka, na Katekisimu namba 2413 iko wazi: michezo ya kubahatisha si miovu yenyewe, inageuka kuwa mibaya pale inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Anayeweka ada ya mdogo wake kwenye mkeka hahitaji mwanafalsafa wa kumwambia.

Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu humo hatuhesabu tena karata. Tunahesabu watu.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Kuna pakiti za aina tatu. Tuite ya kwanza Kasi: inashambulia mapema. Ya pili Ngome: inazuia, inasubiri, inamchosha mpinzani. Ya tatu Mtego: inajenga kitu taratibu, kikikamilika mchezo umekwisha. Kasi inaipiga Mtego mara 60 kati ya 100, Mtego inaipiga Ngome kwa kiwango hicho hicho, Ngome nayo inaipiga Kasi. Tuseme nusu ya ukumbi wamekuja na Kasi, robo Ngome, robo Mtego. Nani ana nafasi nzuri? Kasi, mpendwa wa watu, anapata wastani wa asilimia 50. Mtego 47.5. Ngome 52.5. Kwa hiyo mbashiri mwerevu anaandika: bebeni Ngome.

Lakini anaandika hadharani! Wakimsoma na kumwamini, ukumbi unajaa Ngome, na bora sasa ni Mtego. Mwingine mwerevu zaidi anatangaza Mtego, watu wanahamia huko, Kasi inafufuka. Ubashiri umeharibiwa na wasikilizaji wake. Mwanahisabati John Nash alionyesha mwaka 1950 kwamba katika michezo ya namna hii ipo hali ya mizani ambayo hakuna mtu anayefaidika kwa kuhama peke yake. Katika mfano wetu ni theluthi, theluthi, theluthi. Na mkifika hapo, kila pakiti ina asilimia 50 kamili. Yaani watu wote wakiwa na maarifa yote, ubashiri hauna la kusema!

Hali ya hewa haifanyi hivyo. Ukitangaza mvua ya kesho Bukoba, mawingu hayasikilizi redio. Watu wanasikiliza.

Haya si mambo ya ubaoni tu. Kiangazi cha mwaka 1996 wachezaji wa Magic bado wanakiita Kiangazi Cheusi, kwa sababu ya karata moja ya rangi nyeusi, Necropotence, iliyokuwa imetawala kila mahali. Kila mtu alijua pakiti ipi ni bora. Ubingwa wa dunia ulipofanyika Seattle mwaka huo, aliyeshinda alikuwa Tom Chanpheng wa Australia, na pakiti yake ilikuwa nyeupe, imejaa askari wadogo wenye kinga dhidi ya weusi. Ule ujuzi wa watu wote ndio uliomfungulia mlango. Na kuna kichekesho: pakiti yake ilikuwa na karata moja ya rangi ya bluu ambayo hakuweza kuitumia kabisa, kwa sababu karata za ardhi za kuiwezesha zilisahauliwa kwenye orodha aliyoikabidhi. Bingwa wa dunia alicheza na karata iliyokufa mkononi. Ni jedwali gani lingebashiri hilo? Agosti 2024 huko Honolulu, Fernando Cifuentes, kijana wa Chile, alitwaa ubingwa wa Pokémon kwa pakiti ya Iron Thorns ex, karata ambayo kazi yake kubwa ni kuzima uwezo maalumu wa vigogo wa mpinzani. Kadiri vigogo wanavyotegemewa na wengi, ndivyo kuwazima kunavyolipa.

Aristotle aliligusa jambo hili kwa mfano wa vita vya baharini: je, leo tayari ni kweli kwamba kesho vita vitapiganwa? Kama ni kweli tayari, mbona majemadari wanakaa kikao? Tuliuchambua mfano huo muhula mzima mwaka wa pili wa falsafa, na nakiri baadhi ya wenzangu walikuwa wanasinzia. Ila swali linarudi kwa njia ya vijana wa leo. Mmoja aliniuliza baada ya mafungo: "Frateri, kwani Mungu anajua pakiti itakayoshinda? Kama anajua, si wachezaji wanaigiza tu?"

Anajua, mdogo wangu, lakini habashiri. Mtakatifu Thoma anatumia mfano wa njia. Anayetembea njiani hawaoni wanaokuja nyuma yake, ila aliye juu ya kilima anawaona wote kwa mara moja. Mungu hayuko mwanzo wa foleni akikisia mwisho wake. Yeye aonaye kwamba umekaa hakulazimishi kukaa. Ubashiri ni kazi ya sisi tulio njiani, wenye vumbi usoni.

Halafu mara chache Mungu anapowapa watu habari ya kesho yao, angalia kinachotokea. Yona anatumwa Ninawi kutangaza kwamba bado siku 40 mji uangamizwe. Hakuna masharti, hakuna "labda". Watu wanasikia, wanafunga, mfalme anashuka kitini, hata mifugo inavikwa magunia. Siku 40 zinapita, mji umesimama. Kwa kipimo cha wabashiri wa karata, Yona amepata sifuri. Na yeye mwenyewe anaona hivyo! Anakasirika, anakaa nje ya mji, anataka kufa. Watoto wa Ninawi wamepona, yeye analilia utabiri wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona uzito wa jambo ambalo kwenye karata ni burudani. Neno kuhusu kesho ya mtu, likimfikia mtu huyo, linaingia kwenye mchezo wake. Namfahamu binti mmoja aliyekuwa kidato cha nne. Mwalimu mmoja alisimama mbele ya darasa akasoma takwimu za wasichana wa kata yao, wangapi huishia njiani, kisha akawatazama na kusema, "Kwa hiyo wengi wenu najua mwisho wenu." Takwimu zilikuwa sahihi, sibishani nazo. Lakini zilipotamkwa vile, kwa wale, hazikuwa takwimu tena. Ilikuwa karata imechezwa dhidi yao, na mchezaji wake akajidai yeye ni mtazamaji tu. Binti aliniambia kilichomuumiza si kuambiwa kuna hatari. Ni kuambiwa kana kwamba yeye hayumo chumbani.

Msidhani utabiri mzuri ni salama. Kuna kaka mmoja ambaye kijiji kizima kilimtabiria upadri tangu akiwa mtumishi wa altare. Bibi zake wakimwita "Padri" kabla hajabalehe. Alipofika mahali pa kutambua kwamba wito wake ni ndoa, ilimchukua miaka miwili kulitamka, kwa sababu kila alipofungua mdomo aliona nyuso zinazojua tayari mwisho wake. Walimpenda, hilo sina shaka nalo. Lakini walimbashiri kama pakiti.

Mtu atasema: kwa hiyo tunyamaze? Mzazi asimwonye mwanawe? Daktari asiseme? Hapana. Kiswahili chetu kimetupa silabi moja ya kufanyia kazi hii, nayo ni "ki". "Utaanguka" na "ukiendelea hivi utaanguka" ni sentensi mbili zenye maadili tofauti kabisa. Ya kwanza inamfanya mwenzako jiwe linaloporomoka. Ya pili inaongea na mtu mwenye uwezo wa kugeuka. Na ajabu ya Ninawi ni kwamba tangazo la Yona halikuwa na "ki" ndani yake, ni wale wapagani waliyoiweka wenyewe. Mfalme wao alitumaini tu kwamba pengine Mungu atageuka, bila kuwa na uhakika wowote. Alimjua Mungu wa Yona kuliko Yona alivyotaka ajulikane.

Ukiwasoma vizuri wabashiri bora wa karata utaona nao wamejifunza silabi hiyo. Wale wachanga wanaandika "pakiti hii itashinda". Waliokomaa wanaandika "watu wakija na Kasi kwa wingi, Ngome italipa; wakijiandaa kwa Ngome, tazama Mtego". Wanajua wanasomwa na wachezaji. Tena wanajua udogo wa hesabu yao: hata mwenye nafasi ya asilimia 60 katika kila mechi, akiingia nane bora anahitaji kushinda 3 mfululizo, na hilo hutokea kama mara 22 tu kati ya 100. Kwa hiyo yule wanayemwona bora kabisa, hata wao wanategemea atashindwa. Natamani unyenyekevu huo ungekuwepo kwenye vikao vyetu vya ukoo, pale inapoamuliwa nani "ana kichwa" na nani wa kupelekwa kulisha ng'ombe.

Mimi nina jaribio ninalolitumia kabla ya kufungua mdomo kuhusu kesho ya mtu. Najiuliza: nikikosea, nitafurahi? Kama nitamtabiria mwenzangu kuanguka, naye asimame, je, nitakuwa nje ya mji nimenuna chini ya kibanda? Nikiona dalili ya kununa, najua kilichokuwa kinaongea ni hamu yangu ya kuonekana nimejua. Tena siku hizi hamu hiyo ina vifaa: unaweza kupiga picha ya skrini ya ulichosema mwaka juzi na kurudi nayo kama mshindi, "si niliwaambia?" Kijana wa watu amefukuzwa chuo, wewe unasherehekea usahihi wako.

Oktoba 2021 ubingwa wa dunia wa Magic ulichezwa kwa mtandao, wachezaji 16 tu kutoka duniani kote. Mjapani Yuta Takahashi alipoteza raundi zote tatu za kwanza. Sifuri kwa tatu, kati ya watu 16 walio bora duniani, kila mtu akiweza kuona msimamo wa jedwali. Ungekuwa mbashiri ungeshafuta jina lake, na kwa haki kabisa. Raundi ya nne ilipofunguliwa, Takahashi aliingia kucheza. Wiki hiyo ilipoisha, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia.