Mchanga wa Shela ni Mali ya Nani?

Darasani kwetu limezuka suali ambalo tumeona si haki kulifungia baina ya watu wachache. Muislamu mwenye hati ya kiwanja katika vilima vya mchanga vya Shela, akikiuza kwa mtu atakayejenga jumba la fakhari na kuchimba kisima cha pampu, je, ana dhambi? Wako waliosema hana, kwani sharia yampa mtu ruhusa ya kutumia milki yake. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikotutia shaka.

Yafaa kwanza tufahamu mchanga ule ni kitu gani. Apitaye pwani huona vilima visivyoota mtama wala muhogo, akadhani ni ardhi ya bure. Lakini mvua inyeshapo, mchanga huinywa na kuichuja, na maji matamu hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hayo ndiyo maji ya Lamu. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Vikichimbwa vyoo juu yake, uchafu hushuka. Na kisima kilichoingia chumvi hakirudii utamu wake upesi. Tena vilima hivyo ni boma la kuzuia mawimbi, na bahari siku hizi yazidi kupanda.

Watu wa Shela khasa hawana haja ya kuambiwa haya. Wazee wao yasemwa walitoka Takwa, kisiwani Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17; na miongoni mwa sababu zitajwazo na wachunguzi ni kuharibika kwa maji ya visima. Leo msikiti wa Takwa ni gofu. (Na wanaokwenda kule kaburini kuomba mvua, twawakumbusha kwa upole kwamba mvua ina sala yake aliyoifundisha Mtume S.A.W.) Mji wa mawe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nasi twafurahi, lakini milango ya nakshi na dari za boriti hazimnyweshi mtu. Mji usio na maji huwa Takwa ya pili, wa kutembelewa na wageni kwa kiingilio.

Sasa turudi kwenye suali. Milki ni haki, hatukatai. Lakini Mtume S.A.W. amekataza kudhuru na kudhuriana, na mafakihi wamekipa kisima hata harimu yake, asije mtu akachimba kando akamharibia mwenziwe. Na iko hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Nuuman bin Bashir, ya watu wa chomboni: wa chini walikuwa wakiwapitia wa juu kwenda kuteka maji, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji tu, tena wasiwaudhi wenzao. Wangaliachwa, wangalizama wote. Basi hati yathibitisha nani mwenye sehemu. Haithibitishi kwamba ana ruhusa ya kutoboa. Kwa rai yetu, auzaye hali anajua mnunuzi atafanya nini, ana fungu lake katika dhambi hiyo.

Hata hivyo, si insafu kumtwika muuzaji lawama zote. Aghlabu huuza kwa deni, au ada ya skuli, au maradhi. Nasi tunaokunywa maji ya kilima chake hatujampa hata senti moja kwa kukiacha kilivyo. Kumwambia avumilie shida ili sisi tunywe ni dhulma nyingine. Seyyidna Uthman bin Affan, watu wa Madina walipohitaji maji, hakuwatolea waadhi. Alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake, akakifanya cha Waislamu wote. Sisi twachangishana kwa mazulia na vipaza sauti, na fedha zapatikana. Viwanja vya Shela navyo vyaweza kununuliwa kimoja kimoja kwa bei ya haki, vikaandikwa wakfu, visiuzwe wala kurithiwa wala kujengwa. Mwenye uwezo, awe Lamu, Mombasa au Uarabuni, na aanze na vile vilivyo karibu zaidi na visima.