Yuko Karibu Kutaga

Siku ile sikusema uongo. Ndivyo nilivyojiambia nikikunja zile shilingi 800.

Jirani yangu, Mama Wafula, alitaka tembe mmoja wa kumtagia mayai ya mjukuu. Akaniuliza, "Huyu ataanza lini?" Nikamjibu, "Huyu? Yuko karibu."

Kama uongo ni kutamka jambo unalojua si kweli, basi "karibu" limenusurika. Kesho ni karibu. Krismasi nayo ni karibu, inategemea umesimama mwezi gani. Halafu neno lenyewe lina ukarimu: ndilo tunalomfungulia mgeni mlango.

Lakini mfugaji ana macho. Nilijua kuku yule ana wiki 15, na hawa wa kienyeji walioboreshwa wengi huanza kati ya mwezi wa tano na wa sita. Kilemba chake kilikuwa kidogo, kimepauka. Cha kuku aliye tayari huwa kimejaa, chekundu kabisa. Ukimgusa mgongoni alitoroka badala ya kuchutama. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimempima: ile mifupa miwili ya nyonga, pale chini ya mkia, iliachana kidole kimoja tu. Yai litapita wapi? Anayetaga huingia vidole viwili, hata vitatu.

Mtu wa falsafa atanitetea kwamba utabiri hauwezi kuwa uongo, kwa kuwa kesho haijafika. Sawa. Ila mimi kwa kweli sikuulizwa habari za kesho. Niliulizwa habari za nyonga nilizokuwa nimezishika kwa mkono wangu.

Mwezi ukapita. Nilingoja lawama, na majibu nilikuwa nayo: kuku si saa, baridi imezidi, na kadhalika. Mama Wafula hakunilaumu. Alikuwa amehamisha kiota mara mbili. Alikuwa ameanza kununua chakula cha kuku wanaotaga, ambacho kina chokaa nyingi na kinaweza kuumiza figo za kuku ambaye hajaanza. "Labda ni mkono wangu," akasema. "Hata wale wa zamani walinifia tu."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nilidhani nimemgharimu debe mbili tatu za chakula, deni la kulipika. Kumbe kati ya neno langu na yai palibaki pengo, naye alikuwa akilijaza kwa makosa yake mwenyewe.

Nikamshika kuku, nikamwonyesha pa kuweka vidole. Viwili, kwa kubana. Nikamwambia amrudishie chakula cha wanaokua mpaka aone yai la kwanza, labda wiki mbili tatu hivi. Akapima mwenyewe, polepole, kisha akainua uso.

"Na siku ile uliniuzia, vilikuwa vingapi?"

"Kimoja, mama."