Fundi wa Mlandizi na Karatasi ya Kindugu

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekikusanya kutoka mambo yanayojirudia kando ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo msomaji wa Mlandizi asihangaike kuulizia ni nani. Tuseme ni fundi seremala wa makamo, mwenye karakana ya vitanda na milango karibu na lami, ambaye jioni moja alikuwa anavuka kwenye zebra baada ya lori kusimama kumpisha. Nyuma ya lori ikachomoka Noah. Dereva wake hakuona sababu ya lile lori kusimama, akaovateki.

Pale kuna kibao cha 50. Noah ilikuwa kwenye 90. Gari linalokwenda 50 kwa saa linakula kama mita 14 kila sekunde. Kwenye 90 linakula mita 25. Mtu anapoona hatari, sekunde moja hivi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki, na kwa fundi wetu mita hizo ndizo zilizokuwa zote. Paja lilivunjika mara mbili.

Kwa nini 90? Kila apandaye gari anajua. Dereva alikuwa na hesabu ya kumpelekea bosi jioni, na upande wa Chalinze madereva walishapigiana taa kuashiria kwamba tochi ya trafiki ya kupimia mwendo imekwisha pita. Kijana huyu alijua bei ya mwendo kasi kuwa ni Sh 30,000, faini ya papo kwa papo. Bei nyingine hakuwahi kuambiwa.

Mpaka hapa hii ni habari ya ajali. Funzo lenyewe linaanzia wodini, siku chache baadaye, mwenye gari alipofika na mfuko wa matunda.

“Shikamoo mzee wangu.”

“Marahaba.”

“Pole sana, mzee. Hizi ni ajali tu, hakuna aliyetaka. Kijana mwenyewe ana mke na mtoto mchanga, akifungwa wataishije? Mimi nitalipa hospitali yote. Tuyamalize kindugu.”

Fundi alikuwa mtu wa watu. Alilipiwa hospitali, akapewa na pesa ya kujikimu, na aliporudi nyumbani wakaenda ofisi ya serikali ya mtaa, yeye kwa magongo. Pakaandikwa karatasi fupi: amelipwa, ameridhika, hana madai tena sasa wala baadaye. Shahidi wa kwanza mwenyekiti wa mtaa, shahidi wa pili jirani. Mhuri ukagongwa. Mkewe peke yake ndiye aliyeuliza, “Baba watoto, na mguu ukigoma kuunga?” Akaambiwa asitie mkosi.

Kesi ya trafiki nayo ilifika mahakamani. Dereva akakiri kosa, akalipa faini, akaondoka. Fundi aliposikia alishusha pumzi akidhani shauri lake limekwisha. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea, na mimi sioni ajabu, maana hakuna anayewaeleza. Kesi ile ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini iliingia serikalini. Aliyevunjika mguu alikuwa shahidi tu humo. Shauri lake yeye ni la madai, analifungua mwenyewe dhidi ya dereva na mwenye gari, kwa kuwa mwajiri hubeba uzembe wa mtu wake aliyekuwa kazini. Kukiri kwa yule kijana kulikuwa kumeshamfanyia nusu ya kazi: kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, hukumu ya jinai iliyofikia mwisho huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani ana hatia ya kosa hilo. Silaha hiyo ilikuwa mezani, hakuna aliyeiokota.

Mguu uligoma kuunga. Ukaingia usaha, ikabidi afunguliwe tena na kuwekewa chuma kipya, safari hii kwa pesa ya kuuza mashine ya randa. Mwenye gari alipopigiwa simu alikuwa mpole vilevile. Akamkumbusha ile karatasi.

Nani alimdhulumu fundi? Wengi watamtaja mwenye gari. Mimi nasema tuitazame pia ile huruma yenyewe, kwa sababu ilimwendea mtu asiyeihitaji. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari liguse barabara bila bima, angalau ile ndogo tunayoiita ya mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni nani? Ni fundi. Bima ndogo haitengenezi hata taa ya gari la mwenyewe. Imewekwa kwa ajili ya anayegongwa. Mwathirika akishinda kesi dhidi ya mwenye gari, kampuni ya bima ndiyo inayotakiwa kuilipa hukumu hiyo ya majeraha, mradi ilijulishwa kwa muda unaotakiwa kwamba kesi ipo. Mara nyingi madai hulipwa hata kabla ya hukumu, kwa mazungumzo. Mtoto mchanga wa dereva asingelala njaa kwa sababu ya dai hilo. Fundi angeweza kumsamehe kijana kwa moyo wote, hata kula naye pilau, na bado akaidai bima, kwani pesa hiyo ilishachangwa na wenye magari wote wa nchi kwa ajili ya siku kama ile.

Na mwenye gari alikuwa na sababu yake ya kupenda undugu. Noah ile ilikatiwa bima kama gari binafsi, huku ikibeba abiria kwa nauli kila siku. Hakutaka kampuni ije kuuliza maswali. Kwa hiyo kampuni haikupata kusikia ajali hiyo, ingawa stika ya bima ilikuwa hai muda wote, inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa yeyote anayeingiza namba ya gari.

Baada ya fundi kuhangaika sana, mpwa wake, karani wa wakili mjini Kibaha, alikuja kumjulia hali akamkuta amekaa barazani na gongo moja.

“Mjomba, PF3 yako iko wapi?”

Fomu hiyo ya polisi ya matibabu ilibaki hospitali. Nakala hakuchukua. Ripoti ya mwisho ya polisi, PF 90, hakuwahi kuiomba. Mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, vyote hajui kama vipo. Alama za breki zilifutika na mvua ya kwanza. Dereva wa lori, shahidi bora kuliko wote kwa kuwa alisimama na akaona mwendo ule, hakuna aliyechukua namba yake ya simu.

Risiti nazo zilikuwa nusu nusu. Hili nalisisitiza kwa sababu linawaangusha hata wenye kesi nzuri. Mahakama zetu hutenganisha hasara halisi, kama dawa, upasuaji, nauli za kliniki na kipato kilichokatika, na fidia ya jumla ya maumivu na ulemavu. Ya pili hakimu huikadiria kwa busara yake. Ya kwanza lazima itajwe moja moja na ithibitishwe kwa karatasi. Fundi alikuwa akiuza vitanda kwa neno la mdomo. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na daftari hata moja la kuonyesha anaingiza nini kwa mwezi. (Angekuwa mwajiriwa, hati ya mshahara ingesema yenyewe. Mafundi na mama lishe wanaumia mara mbili hapa.)

Angekufa, mzigo ungekuwa wa mjane: mara nyingi msimamizi wa mirathi kuteuliwa kwanza, kisha dai la wategemezi chini ya Sura ya 310 ya sheria za nchi. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoruhusu fidia kupunguzwa pale mwathirika naye alipochangia uzembe. Kwa fundi wetu, aliyekuwa ndani ya zebra na lori limesimama, upande wa pili ungepata taabu kuitumia.

Karatasi ya serikali ya mtaa haikumtisha sana mpwa. Makubaliano ya mgonjwa aliyesaini bila kujua ukubwa wa jeraha wala kuwapo kwa bima yanaweza kupingwa, ingawa ni kesi ndani ya kesi. Kilichomfanya anyamaze ni tarehe. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na siku huhesabiwa tangu jeraha, hata kama mgonjwa bado yuko kwenye magongo. Kusubiri kupona hakuisimamishi saa hiyo. Ajali ilikuwa imetimiza miaka 3 na miezi 4.

Umebaki mlango mmoja. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa kawaida, kwa sababu za msingi. Nusu ya miaka 3 ni miezi 18. Minne imekwisha liwa, na ombi lenyewe hujibiwa kwa wakati wake. Mpwa akaandika barua usiku huohuo. Kesho yake wakapanda daladala kwenda kituo cha polisi kuulizia jalada la ajali, na ofisini wakaulizwa namba ya jalada, ambayo mjomba hakuwa ameiandika popote. Ilibidi watafute kwanza namba ya kesi ya trafiki ya yule kijana, ili kupitia hiyo wafike kwenye jalada.