Maarifa ya Uzazi wa Majira: Haki au Hisani?

Wazee wetu walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi yatupasa kujiuliza: mama mjamzito asiyeelezwa njia za kupanga uzazi, akishika mimba nyingine mapema, je, amechagua mwenyewe au wengine wamemchagulia kwa kunyamaza?

Wako wasemao kwamba mama aachwe ajifungue kwanza, mengine yatafuata. Hoja hii ina huruma, lakini haina busara. Mama aliyejifungua aweza kushika mimba hata kabla hajaona hedhi. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee, usiku na mchana, humkinga kwa miezi 6 tu ya mwanzo, tena mradi hedhi haijarudi. Shirika la Afya Duniani lashauri apite walau miezi 24 baada ya kuzaa ndipo atafute mimba nyingine. Asiyeambiwa hayo kliniki, pengine atayajua akiwa na mimba tayari.

Wengine hudai kwamba mawazo haya ni ya kigeni. Walakini Kiswahili kina neno kubemenda, yaani kumdhoofisha mtoto kwa kushika mimba nyingine kabla hajaacha ziwa. Neno hilo lathibitisha kwamba kupisha uzazi kulijulikana zamani.

Ni kweli kwamba kueleza kwaweza kugeuka kuamuru. Muuguzi akitaja njia moja na kuficha nyingine, au akificha madhara yake, amemnyang'anya mama uamuzi wake. Azimio la Tehran la mwaka 1968 lilitamka kwamba wazazi wana haki ya kuamua, kwa hiari na kwa kuwajibika, idadi ya watoto wao na nafasi kati yao. Hiari bila maarifa ni jina tupu.

Hapa ndipo walimu wa Kiswahili tunapohusika. Katika miaka ya 1970 nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mpango wa uzazi uliitwa "uzazi unaotamaniwa". Jina lilikuwa zuri, ila liliundwa kwa Kifaransa, hali akina mama wengi wa Bukavu na Lubumbashi huwaza kwa Kiswahili. Nasi tukisema "kuzuia uzazi", twamtisha msikilizaji. Tukisema "uzazi wa majira", humkumbuka mkulima ambaye haichukii mbegu, bali hungoja mvua.

Basi, walimu wenzangu, tuyafundishe maneno haya waziwazi darasani, ili binti atakapofika kliniki ayaelewe anayoambiwa, na aweze kuuliza asiyoambiwa.